Mama Mkwe na Maombi ya Viongozi

Nilipoolewa Bukiriro nilikuta kazi inanisubiri kanisani. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasoma Kiswahili bila kukwama, na katekista wetu alikuwa ameanza kupungukiwa nguvu za macho. Padre alifika mara chache, hivyo Jumapili nyingi tuliendesha ibada wenyewe. Katekista akanikabidhi maombi ya waamini: kuwaombea wagonjwa, marehemu, mvua, na viongozi wa nchi yetu. Kila ombi likiisha, watu waliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Ukisimama mbele unaona midomo yote. Nikagundua kwamba mama mkwe wangu aliwaitikia wagonjwa, na marehemu aliwaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikifika kwa viongozi, alifunga mdomo na kutazama miguu yake.

Mwanzoni nilidhani ni lugha. Nyumbani tulisema Kihangaza tu, na Kiswahili alikifahamu cha sokoni. Lakini ombi la mvua nalo lilikuwa la Kiswahili, na aliliitikia vizuri. Nikamuuliza mume wangu. Akacheka, akasema, "Muulize mwenyewe." Nikangoja mpaka siku tuliyokuwa tunapalilia maharage, sisi wawili peke yetu.

"Mama, mbona viongozi huwaombei?"

Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia siwaombei?"

"Huitikii."

"Naomba ya kwangu. Ya kwenu ni laini mno."

Ndipo akanieleza. Watu walipoamriwa kuhamia kwenye kijiji cha ujamaa, yeye alikuwa mjane anayeishi mlimani, katikati ya migomba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alichelewa kuhama kwa sababu ndizi zilikaribia kukomaa. Mwenyekiti wa kijiji akaja na mgambo, wakaezua paa lake. Masika yalimkuta bondeni kando ya barabara, katika kibanda ambacho hakijaezekwa vizuri. Mwenyekiti huyohuyo sasa alikuwa anakaa benchi la mbele kila Jumapili.

"Sasa unamwombea nini?"

"Namwombea nyumba yake ivuje. Ivuje pale pale kitandani. Akilowa atajua mvua ni nini, na mtu akishajua hawezi tena kuezua nyumba ya mwenzake."

Sikujua nicheke au nifanye ishara ya msalaba. "Imewahi kuvuja?"

"Bado. Lakini sijachoka."

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Nikamuuliza katekista kama hiyo nayo ni sala. Akasema Mtume Paulo aliagiza wafalme na wenye mamlaka waombewe ili watu waishi kwa utulivu, lakini yeye hakukumbuka mahali palipoandikwa waombewe kitu gani hasa. "Mwambie tu amwombee mwenyekiti na afya," akasema. Nilipomfikishia, mama mkwe akajibu, "Afya anayo. Huoni tumbo?"

Kisha vita vikaja. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na kukalia ardhi ya mkoa wetu, kule kaskazini. Mgambo wakaitwa, mume wangu akiwamo. Walipanda lori kuelekea Biharamulo na kuendelea mbele, na tangu hapo hatukujua yuko wapi. Kanisa lilijaa hata siku za kazi. Nilisoma maombi ya kumwombea Rais, maombi ya askari wetu, maombi ya ushindi, na watu wakaitikia mpaka kuta zikatetemeka.

Siku moja, tukitoka, mama mkwe akanishika mkono.

"Yule wa kule mnamwombea lini?"

"Nani, mama?"

"Aliyeanzisha. Rais wetu hata ukimwombea usiku kucha, hakuanza yeye. Mungu akimgeuza moyo yule wa kule leo, mwanangu anarudi kesho. Wewe unaona ni nani wa kuombewa?"

Kwa siku kadhaa niligeuzageuza swali lake nikichota maji, nikipika. Katekista nilipomweleza alijikuna kidevu. "Paulo hakusema wafalme wa kwetu tu," akasema taratibu. "Soma. Lakini soma kwa ufupi."

Jumapili nikasoma: "Tumwombee pia mtawala wa Uganda, Mungu amgeuze moyo, aache vita."

Kanisa likanyamaza kimya. Nilisikia mtoto akikohoa. Halafu sauti moja ikapanda kutoka upande wa wanawake: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Alikuwa mama mkwe, peke yake.

Nje, mwenyekiti alikuwa ananingoja. "Umemwombea nduli? Kanisani? Na mumeo yuko mstari wa mbele?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akaingia katikati yetu.

"Mwenyekiti, mwache huyu. Aliyemtuma ni mimi. Mtu mwenye mamlaka akikosea ndipo haswa anapoombewa. Hata wewe nakuombea tangu siku ile ya paa langu."

Mwenyekiti alimtazama, kisha akatazama chini. "Unaniombea nini?"

Mama mkwe akafunga upya khanga yake.

"Hilo ni kati yangu na Mungu," akasema.

Hakutushtaki popote. Sijui kama alitishika, au aliona aibu, au alifurahi tu kwamba kuna mtu anamwombea. Nimelifikiria mara nyingi.

Vita vikaisha. Yule mtawala hakugeuka moyo, alifukuzwa, akakimbia. Mume wangu alirudi amekonda, sikio moja halisikii vizuri, na mama yake alimlisha kama mtoto mchanga. Lakini kijana wa jirani yetu, aliyepanda naye lori lilelile, hakurudi.

Nikaenda kwa katekista. "Tulisikilizwa, au hatukusikilizwa?"

"Mumeo si yuko nyumbani anakula?"

"Na wa jirani?"

Akavua miwani aliyokuwa ameletewa na padre, akaifuta kwa shati. "Binti yangu, hilo sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Jioni hiyo mama mkwe na mimi tulibeba maharage na mkungu wa ndizi tukaenda msibani kwa jirani. Mwenyekiti tulimkuta amekwisha fika, anapasua kuni. Tukaingia ndani, tukakaa na wanawake.