Unga Kwenye Kaburi la Babu Saidi

Utotoni mwangu Ifakara, miaka ile ya tisini, kwetu hakuna aliyethubutu kumwaga mbegu za mpunga kabla bibi hajawaita wafu. Ilisemwa wasipoitwa, nguruwe pori watalimaliza shamba. Basi nilimshikia bibi ungo wa unga mpaka kwenye kaburi la babu Saidi. Babu alikuwa Mwislamu. Bibi Mkatoliki, rozari haimtoki shingoni. Akanyunyiza unga huku akitaja majina: mume wake, mama yake, dada zake. "Mtuombee kwa Mungu tupate chakula." Akafanya ishara ya msalaba. Baba mdogo, aliyeshika dini ya babu, akafungua viganja, akaitikia, "Amin." Mimi sikuona kosa hapo.

Katekista wetu aliliona. Habari zilimfikia, na wiki moja kabla ya komunyo yangu ya kwanza akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Sema bibi yako anaabudu mashetani, na wewe umeacha. Usiposema, Jumapili hupokei."

Jamani, niliitaka ile komunyo! Gauni jeupe lilishashonwa. Lakini hasira zilishanipanda.

"Mwalimu, kwenye litania si tunawaita waliokufa watuombee? Bibi naye anawaambia hivyo hivyo."

"Wale ni watakatifu!"

"Na babu alikuwa mtu mwema."

Akalikata jina langu kwenye orodha ya komunyo. Nyumbani nililia mpaka kwikwi. Bibi akanipangusa kamasi kwa khanga yake.

"Mjukuu wangu, kamwambie anachotaka. Mimi hakinipunguzii kitu."

"Sisemi, bibi."

"Haya, una kichwa kigumu wewe."

Jumapili nilivaa gauni langu makusudi, nikakaa benchi la nyuma, roho inaniuma kuwaona wenzangu mbele. Litania ikaanza. Mwimbishaji alipovuta pumzi kati ya jina na jina, nikapaza sauti: "Babu Saidi!"

Benchi zima, kwa mazoea, likaitikia: "Utuombee."

Katekista aligeuka, macho yamemtoka. Sikuinamisha kichwa.

Nilipokea mwaka uliofuata, chini ya katekista mwingine ambaye hakuuliza kitu. Mpaka leo wapo wanaoniambia Mungu wa bibi na Mungu wa babu ni wawili. Wakasimulie wengine, mimi nilikuwepo, niliwasikia wakimwomba mmoja. Tangu siku ile nimeungama dhambi nyingi, nyingine za aibu. Ile ya litania sijaiungama, wala sitaiungama.