Vitabu Vinne na Macho ya Baba Mdogo

Vitabu vile nilivisoma njiani kwa mara ya kwanza, na mpaka leo siwezi kuvitenganisha na njia yenyewe. Cha kwanza nilikimaliza juu ya magunia ya kahawa, lori likipanda kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Cha pili nilikisoma kabla ya Iringa, tulipokaa ukingoni kungoja mto upungue ndipo lori livuke. Cha tatu nilikisoma stesheni ya Dodoma, mgongo nimeuelekeza kwenye upepo ili vumbi lisiingie kwenye kurasa. Cha nne nilikuwa nacho ndani ya treni, daraja la tatu, na nilifika ukurasa wa mwisho tulipokuwa tunateremka Pugu na joto la pwani likituingia madirishani.

Vyote vinne vilikuwa hekaya moja iliyokatwa katika juzuu nne nyembamba za jalada la karatasi. Nilivipata kwa mwenzangu wa shule ya sekondari kwa kubadilishana na blanketi langu, kwa hiyo safari nzima ya nyanda za juu niliifanya nikitetemeka. Sikujuta. Sasa nimepita miaka arobaini, nimelala katika miji mingi na nimesoma hekaya nyingine nyingi, zikiwemo zile za Kiingereza zenye mazimwi na mapanga, lakini nikiulizwa ninayoipenda kuliko zote nataja ile.

Ni habari za mtoto wa sonara aliyeingia nchi iliyo chini ya ziwa kumtafuta dada yake. Nchi hiyo ina milango, na kila mlango unaofunguka hummezea msafiri kitu kimoja. Wa kwanza ulimmezea ladha ya chumvi. Wa pili ulimmezea sauti ya mama yake, asiikumbuke tena. Hapo ndipo niliponaswa. Sipendi hekaya ambamo jini hutoka chupani akamaliza shida zote kabla mtu hajatoka jasho. Uchawi usiomgharimu mtu kitu hauna ladha, ni kama wali uliopikwa bila chumvi wala nazi.

Kutoka stesheni nilitembea na furushi langu la nguo, Gerezani, Keko, mpaka Temeke, nikiuliza njia. Nilikuwa nimetumwa na wazee wa nyumbani. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani bandarini miaka mingi, alikuwa ameanza kupoteza macho, hana mke wala mtoto. Wazee waliniambia, "Kaa naye mpaka macho yapone." Nilihesabu moyoni kwamba macho ni kitu cha msimu mmoja wa mvua. Baada ya hapo ningekwenda zangu Kilwa, Lindi, Tanga, popote palipokuwa na barabara.

Baba mdogo alinipokea barazani kwa kunipapasa uso.

"Pua ya kwetu," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, baba. Macho yanaendeleaje?"

"Hayaendelei. Daktari ameshaniambia hayaponi. Nyumbani sikuwaeleza, wangeniita nirudi."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja kwamba paa linavuja. Kwangu mimi ulikuwa mlango umefungwa nyuma yangu. Nimeambiwa nikae mpaka macho yapone, na macho hayaponi. Hakukuwa na mtu wa kunifungulia neno lile isipokuwa wazee walionipa, nao wasingeweza kusema, "Mwache kipofu peke yake."

Nilipata kazi ya kupima mbata, zile nazi kavu, kwenye ghala moja, na Jumapili ya kwanza, baada ya kanisa, nilikaa barazani mchana kweupe nikaanza kumsomea juzuu ya kwanza. Sikumaliza hata ukurasa. Mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, alitoka na ukili wa kushonea mkeka mkononi.

"Nani anasimulia hadithi jua limesimama hivi?"

"Shikamoo, bibi. Nasoma tu."

"Marahaba, mume wangu. Kusoma, kusimulia, mdomo si huo huo? Hadithi za mchana humwotesha mtu mkia. Nyie watu wa bara mmezoea mikia labda. Nyumbani mwangu, hapana."

Baba mdogo alicheka, lakini alikuwa mpangaji. Alisema, "Funga. Tutasoma magharibi."

Hivyo ndivyo jioni zangu zote zilivyochukuliwa. Mchana nilikuwa wa ghala. Jua likizama tu, muadhini akisha kuadhini, nilitakiwa niwe kwenye mkeka, kandili limewashwa, kitabu kimefunguliwa. Rafiki zangu walikwenda kwenye ngoma Ilala na kwenye mpira, mimi nilikuwa chini ya ziwa. Tulimaliza juzuu ya nne nikadhani nimepumzika. Baba mdogo alisema, "Rudi cha kwanza. Pale kwenye chumvi sikusikia vizuri."

Bibi naye alisogea taratibu, kwanza akasikilizia mlangoni kwake, baadaye mkekani. Hakukubali hata siku moja kwamba yale yametungwa. Kwake ilikuwa ni habari ya kweli iliyoandikwa na mtu asiyejua mambo.

"Huyo jini wa ziwani ni kabila gani?" aliuliza.

"Kitabu hakisemi, bibi."

"Basi huyo mwandishi hajaonana naye. Jini hakosi kabila wala dini. Na chano chake cha sadaka kiko wapi? Mtu anaingia nyumbani kwa watu hata chetezo cha ubani hana, halafu anashangaa kumezewa sauti ya mama yake."

Nilipinga, lakini nikiri kwamba tangu hapo kila hekaya ninayoisoma huiuliza maswali ya bibi yule: mwenyeji ni nani, anataka nini, na mgeni amekuja na nini mkononi. Nyingi hushindwa kujibu.

Kuhusu juzuu ya pili hatukupatana kamwe mimi na baba mdogo. Humo mtoto wa sonara anapewa farasi wa shaba arukaye, na milango saba inapitwa kwa juu bila kumezewa kitu. Mimi naiona juzuu ile ni ya uvivu. Mwandishi alichoka akampandisha mtu wake farasi. Baba mdogo aliipenda kuliko zote, akataka sura ya farasi irudiwe mara mbili jioni moja.

"Huo ni udanganyifu, baba," nilimwambia. "Amepita bure."

"Wewe una miguu na macho, ndiyo maana farasi humpendi."

Ila sikubadili maoni yangu, na mpaka leo sijabadili.

Ya tatu ndiyo iliyonitesa. Mtoto wa sonara anafika mji ambamo wageni wanalishwa vizuri na kuogeshwa, hakuna anayewafunga kamba wala kuwazuia mlangoni, ila kila anayetaka kuondoka huona haya. Wenyeji humwambia tu, "Utatuacha na nani?" Watu wamezeeka mule kwa haya. Dodoma niliisoma kama mchezo. Temeke niliisoma nikishika ukurasa kwa nguvu. Nadhani ndicho kitabu kizuri kuliko vyote nilivyopata kusoma, na kwa muda mrefu nilikichukia.

Barabara ya Kilwa ilipita si mbali nasi. Malori ya kusini yalilala pale yakipakia, na mimi nilikuwa nikipita makusudi nikitoka ghalani ili nisome majina ya miji yaliyoandikwa ubavuni. Utingo mmoja alinizoea. "Karani, bado hujapanda?" alikuwa akinitania. "Au mpaka tukuletee kiti cha kifalme?"

Jumapili moja niliazima baiskeli nikaenda Kunduchi, si mbali lakini kwa aliyefungwa ni kama ng'ambo. Nilikaa mnadani nikitazama samaki wanavyouzwa, nikala pweza wa kuchoma, nikajisahau. Nilipogutuka jua lilikuwa limeelemea. Nilikanyaga baiskeli mpaka miguu ikawaka, nikafika Temeke giza limeshaingia.

Baba mdogo alikuwa mkekani, kandili limewashwa mbele yake. Yeye halimsaidii kitu. Alikuwa ameliwasha mwenyewe kwa kupapasa, na vidole vyake viwili vilikuwa vimevimba kwa kuungua. Vitabu alikuwa amevipanga mapajani.

"Nilijua utakuja umechelewa," alisema, "nikasema usipoteze muda kutafuta kiberiti."

Nilimpaka asali vidoleni nikamsomea juzuu ya tatu, na nilipofika kwenye maneno "utatuacha na nani" niliyaruka. Alikohoa.

"Umeruka."

"Nimeruka, baba."

"Mimi kile kitabu chote ninacho kichwani. Ukiruka nasikia shimo."

Sikulizingatia neno lile, nami nilipaswa kulizingatia. Nililala nikijua nitazeekea pale kwenye mkeka.

Juzuu ya nne tuliibishania zaidi kuliko zote. Mwishoni dada anapatikana, na mtoto wa sonara anafanywa mfalme wa nchi ya chini ya ziwa. Mimi siwezi kuvumilia mwisho wa kiti cha kifalme. Mtu amepoteza chumvi, amepoteza sauti ya mama yake, halafu analipwa taji na sisi tufurahi? Nilimwambia baba mdogo mara nyingi kwamba mwandishi angemtoa nje, ufukweni, mtu asimtambue, aombe chumvi kwa wapita njia aone kama ladha imerudi. Baba mdogo alikuwa akisema tu, "Rudi cha kwanza."

Basi siku moja ghala lilifungwa kabla ya adhuhuri kwa msiba wa tajiri wetu. Nikarudi nyumbani jua la utosi. Kutoka kona ya uchochoro nilisikia sauti ya baba mdogo, tena sauti ya juu, sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.

"Paukwa!"

"Pakawa!" walijibu wanawake.

Barazani walikuwepo wakwe wa bibi na majirani, miguu wamenyoosha, kila mmoja na ukili wake anasuka, na katikati baba mdogo, mikono hewani, anamfungulia mtoto wa sonara mlango wa kwanza. Hakukuwa na kitabu mbele yake. Nilimtazama bibi. Alikuwa anasuka kwa utulivu.

"Bibi, mchana huu?" nilimnong'oneza. "Na mkia je?"

"Mkia wa nani? Nilikaa nikafikiri. Hadithi ni za usiku, na huyu kwake usiku umeshaingia, hautoki tena. Halali yake. Sisi tunasikiliza tu, kwani tumesimulia?" Aling'ata ukili kuukata. "Wiki ya pili hii. Wewe uko kwenye mbata, utajuaje? Tangu aanze wanawake hawa hawatoki kwangu. Mmoja analeta uji, mwingine anamfulia kanzu. Mtu wa bara amepata wake saba bila mahari."

Nikakaa kwenye kizingiti. Baba mdogo alisimulia moja kwa moja mpaka mwisho, na farasi wa shaba aliruka mara mbili. Kisha mtoto wa sonara alikataa taji. Alitoka ufukweni, mtu asimtambue, akaomba chumvi kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, akaiweka ulimini. Wanawake waliacha kusuka.

"Ikawaje?" aliuliza mmoja.

"Ilikuwa chumvi," alisema baba mdogo.

Walipotawanyika kwenda kupika nilimsogelea.

"Ule mwisho si wa kitabuni, baba."

"Wa kitabuni ulikuwa unakutia hasira. Nilichoka kukusikia." Alinipapasa bega. "Lori la Kilwa linaondoka siku gani?"

"Ijumaa. Nani kakwambia habari za lori?"

"Unanuka mafuta ya lori kila jioni, mwanangu. Macho ndiyo yamekufa, pua bado. Wazee wa nyumbani nitawajibu mimi."

Ijumaa asubuhi nilifunga nguo zangu. Nilitaka kumwachia vitabu vyote, akakataa.

"Niachie cha farasi. Hivyo vingine chukua."

"Utakifanyia nini, na unacho kichwani?"

"Nitakishika. Nikifika pale nakishika tu."

Nilimwachia, na hivyo ninazo juzuu tatu, na sioni upungufu, isipokuwa wageni wangu wanaoniuliza mtoto wa sonara aliipitaje milango saba huniudhi, maana sina budi kuwaeleza habari za farasi.

Wanawake walikuwa wameanza kufika na ukili wao. Nilimpa baba mdogo shikamoo, akaitikia, akanishika kichwa kidogo. Kisha akageukia baraza na kuita paukwa. Bibi alinisindikiza mpaka kona.

"Nenda, mume wangu," alisema. "Akishapanda farasi hatakusikia hata ukimwita."

Utingo alinipokea furushi akalitupa juu ya magunia. Hakunitania siku ile.