Mfamasia wa Ukutani

Zakiya binti Mahfudha alikuwa kazini kila siku, hata siku ya Idi. Hakuchelewa, hakuugua, hakuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Alikaa palepale nyuma ya kaunta katika duka la dawa la ami yake Stambuli, mjini Malindi, juu kidogo ya rafu ya dawa za kikohozi, amevaa joho la mahafali na kofia yake ya pembe nne, anatabasamu. Dosari yake ilikuwa moja tu: alikuwa picha. Zakiya mwenye damu na nyama alikuwa Kilifi kwa mumewe, anakanda unga wa keki.

Msije mkadhani ukoo huu haukumpenda binti yao. Walimpenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alipopata nafasi ya chuo kikuu kusomea ufamasia, jamaa wote walitia mkono. Shangazi yake aliuza bangili zake za harusi, ami Stambuli akauza kiwanja, hata binamu asiyemwamini mwanamke kushika baiskeli alitoa chake. Siku Zakiya alipofaulu mtihani wa Bodi na jina lake kuingia katika daftari la wafamasia wa nchi, alichinjwa mbuzi, maulidi yakasomwa, na cheti kikazungushwa kwa wageni, kila mmoja akikipakata kama mtoto wa arubaini. Kilipomrudia mwenyewe kilikuwa na alama ya kidole cha mchuzi pembeni, nacho kilikuwa si chake tena. Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyesomeshwa na wengi hana lake peke yake.

Ami Stambuli wakati huo alikuwa akiuza saruji na rangi za nyumba. Akatazama huku na huku, akaona dawa zina faida na hazina vumbi. Tena kwa hesabu yake biashara hizo mbili hazikupishana sana: zote zina maelezo nyuma ya mkebe, na zote hakuna anayeyasoma. Kikwazo kilikuwa sheria. Sheria inasema duka la dawa halifunguliwi bila mfamasia aliyesajiliwa, na mfamasia huyo awepo dukani, aonekane, aulizwe, ajibu. Ami akaisoma kwa jicho la kibiashara. Inataka mfamasia aonekane? Basi ataonekana! Leseni yenyewe ilikuja na kijipicha kidogo, hakikumridhisha. Akachukua picha ya mahafali, akaikuza, akaitia fremu ya rangi ya dhahabu, akaitundika mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa.

"Wewe pumzika, mwanangu," akamwambia. "Umesoma ukachoka. Sasa jina lako ndilo litakalofanya kazi."

Zakiya akasema haya, ami. Wewe ungesema nini, mbele ya shangazi mwenye mikono mitupu? Alijua sheria kuliko wote mle chumbani, maana aliisoma na akaitolea mtihani. Lakini alijiambia kwamba ami ni mtu mzima, atauza panadol na dawa ya minyoo, na zitakapohitajika dawa kali atampigia simu. Simu zilikuja, ni kweli. Ami alipiga kuuliza habari za watoto.

Miezi haikupita mingi, wateja wakaanza kumwita Stambuli "daktari". Mwanzo alikana. Baadaye akaacha kukana. Mwishowe ukimwita kwa jina lake hageuki.

Huko Kilifi, Zakiya aliomba kazi katika hospitali moja ya watu binafsi. Wakampenda, wakamuuliza maswali akayajibu yote, kisha wakafungua daftari la Bodi wakakuta kwamba yeye tayari ni mfamasia msimamizi wa duka huko Malindi, kutwa nzima, siku zote. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, wakamwambia kwa upole. Basi mwenye jina akakosa kazi kwa kuwa jina lake limeajiriwa. Akarudi nyumbani kwenye keki. Na kila mwaka, ili leseni isife, alipanda gari kwenda Mombasa kuhudhuria mafunzo ya wafamasia. Mwaka mmoja mada ilikuwa umuhimu wa mfamasia kukaa dukani mwenyewe. Alisikiliza kwa makini, akaandika, akapewa alama zake, leseni ikatoka mpya, ikapelekwa Malindi kutiwa fremu. Mumewe Swafwan, mtu wa maneno machache, alimuuliza kama ile picha inalipwa mshahara. Zakiya akajitia hamnazo.

Akaenda hivyo hivyo mpaka harusi ya binamu yake huko Malindi. Wanawake walikuwa uani wakitayarisha wali wa wageni. Miongoni mwao alikuwapo Idah, mama wa kutoka kijiji cha Ganda aliyeleta nazi, akaombwa akae asaidie kuzikuna. Amekaa juu ya mbuzi, mkono unakuna, macho yako usoni mwa Zakiya. Zakiya akadhani ni wanja wake uliomharibikia. Akamuuliza kwa ucheshi mbona anamtazama hivyo.

"Wewe ndiwe wa pichani," Idah akasema. "Wa duka la dawa."

Zakiya akacheka, akakubali. Idah hakucheka. Akaendelea kukuna nazi na kusimulia, wala sauti hakuipandisha. Mwanawe Masha alishikwa na homa. Yeye akaenda kwa daktari Stambuli, akamwambia wazi kwamba zahanati walishamwonya: mtoto huyu asipewe dawa yoyote ya salfa, itamdhuru. Mzee akampa vidonge, akaapa kwamba hivi si salfa, hivi ni vya homa. Na kwa haki ya Mungu mzee hakudanganya. Alikuwa hajui tu. Salfa ilikuwa imeandikwa nyuma ya pakiti, mahali pale ambapo kwenye rangi za nyumba huandikwa usichanganye na maji ya chumvi.

"Nilikuwa sijaridhika," Idah akasema. "Akanionyesha wewe. Akaniambia, unamwona yule? Yule kasomea dawa chuo kikuu, na duka hili ni lake. Nikakutazama, nikakuona unatabasamu. Nikampa mwanangu."

Mtoto alivimba midomo, ngozi ikamtoka malengelenge, ikabambuka. Alilazwa siku nyingi. Hakufa, alhamdulillahi, lakini jicho lake la kushoto halioni sawasawa. Idah akakung'uta mbuzi, akachukua nazi nyingine. Alisema hakuja kugomba, amemwona tu, akaona amwambie.

Zakiya aliingia chumbani akalia mpaka wanja ukamchafua uso. Alikuwa akijua kwamba mfamasia mmoja, pale kaunta, angeuliza swali moja tu na mtoto angekuwa na macho mawili. Na mfamasia huyo alikuwa Kilifi, anapiga mayai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile ulimkata yeye vilevile, wala hakuwa na mtu wa kumtupia lawama isipokuwa ile sura yake mwenyewe inayotabasamu.

Akamwendea mama yake. Mahfudha alisikitika kweli, akasema maskini mtoto, kisha akamsihi binti yake asitiri mambo, harusi isije ikaharibika. Akamwendea ami. Ami akasema ni kadari ya Mungu, na mtoto hakufa, na yule mama pengine alimlisha kitu kingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jicho la mwana wa mwenzio sijui ni nini. Zakiya akaomba jina lake lishushwe ukutani. Jamaa wakamkodolea macho kana kwamba ameomba talaka. Lishushwe vipi, wakati duka ndilo linalolisha nyumba tatu? Na bangili za shangazi je?

Kabla hawajafikia popote, ikavuma habari kwamba wakaguzi wa dawa wako Mambrui na wanashuka Malindi, na duka lisilo na mfamasia linafungwa papo hapo. Hapo sasa! Simu ya ami kwenda Kilifi haikuuliza habari za watoto. Aje, aje upesi, asimame dukani kwa siku mbili tatu mpaka upepo upite. Alimnunulia hata koti jeupe, na lilikuwa kubwa, kwa kuwa Stambuli alilipima kwa ile picha iliyokuzwa. Masharti yalikuwa mepesi: asimame, atabasamu, mengine amwachie ami. Kwa maneno mengine aifanye ile kazi ambayo picha iliifanya kwa ufanisi mkubwa, ila sasa apumue.

Zakiya alikuja. Nisikufiche, alikuja akiwa hajui atakalofanya. Akisema yeye hukaa hapa kila siku, duka litapona na jina lake litabaki daftarini, na hakuna atakayemuuliza tena. Akisema kweli, jina lile huenda likafutwa, na chuo kizima, na bangili, na kiwanja, vyote vikaenda na maji.

Mkaguzi alikuwa mwanamke aitwaye Linet, mpole, kalamu sikioni. Alikagua rafu, akatazama friji ya chanjo iliyowekwa soda. Akatazama picha, akamtazama Zakiya, akalinganisha. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama yeye ndiye msimamizi na kama hukaa hapa dukani kila siku. Ami Stambuli akakohoa kikohozi cha nguvu, chini ya rafu yake mwenyewe ya dawa za kikohozi.

"Picha ndiyo iliyokuwa ikikaa hapa," Zakiya akasema. "Mimi leo ndiyo siku yangu ya kwanza."

Akaeleza yote, na la Masha pia. Duka likafungwa kabla ya adhuhuri. Ami akashtakiwa kwa kuuza dawa bila idhini. Zakiya akaitwa Nairobi mbele ya Bodi, wakamsikiliza, wakamsifu kwa kusema kweli, na baada ya kumsifu wakamzuia kufanya kazi ya ufamasia kwa mwaka mzima. Na ilikuwa haki yao, maana kosa lilikuwa na jina, na jina lilikuwa lake.

Ukoo ulikutana. Walihuzunika sana. Walizungumzia duka, heshima ya marehemu babu, kiwanja kilichouzwa, na majirani watasema nini; kikao kikaanza baada ya alasiri kikaisha watu wamekunywa kahawa chungu tele, na mtoto wa Ganda hakutajwa hata mara moja. Shangazi mwenye mikono mitupu peke yake ndiye aliyemshika Zakiya mkono mlangoni, akambusu kiganja, akaenda zake. Stambuli amerudi kwenye saruji. Wateja bado wanamwita daktari, na bado anaitika.

Zakiya alikwenda Ganda. Alimkuta Idah anapepeta mahindi, na Masha amekaa kizingitini. Mtoto akageuza kichwa upande ili amwone kwa jicho zima, akamtazama kwa muda mrefu, akamwambia mamake kwamba yule wa pichani amekuja.

Zakiya akawaamkia. Akasema amepata nafasi kwa daktari wa macho huko Kilifi, na kama mama ataridhia, atawapeleka mwenyewe na kukaa nao mpaka mtoto atazamwe. Hakuahidi kwamba jicho litapona. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba huenda lisipone.

Idah aliendelea kupepeta, makapi yakiruka.

"Na ile picha?" akauliza.

"Imeshushwa."

Idah akaweka ungo chini, akamsogezea kigoda.

"Haya, keti," akasema. "Leo umekuja wewe."