Omena Niliyowapandishia Ndege wa Gwassi

Acha niseme ujinga wangu mapema: niliiba omena ya mama, dagaa wa ziwani, kopo zima la gorogoro, nikaificha kwenye begi la shule na kuipandisha milima ya Gwassi kwenda kulisha ndege.

Dada yangu, mwenyekiti wa klabu ya mazingira shuleni, alikuwa ameazimwa kamera na mwalimu mpaka Jumatatu. Alitaka picha moja tu ya keremkerem, yule ndege wa rangi nyingi anayekuja kwetu mwezi wa kumi akikimbia baridi ya Ulaya. Bila picha hiyo, klabu haingekuwa na kitu cha kupeleka kwenye maonyesho ya shule, na yeye alikuwa ameshaapa mbele ya darasa zima kwamba ataipata. Ndiyo maana likizo fupi ilitukuta kwa nyanya, chini ya milima. Mama naye alikuja na gunia la omena ya kisiwa cha Remba, aianike hapo kabla ya kurudi nayo nyumbani Uriri.

Tulipanda alfajiri, umande ukinijaa viatuni. Juu kabisa dada akachagua kichaka kinachotazama mti mkavu.

"Keti. Usiongee. Usikohoe."

"Na kupumua?"

"Pumua kidogo."

Masaa mawili! Siafu wakaingia kwenye suruali, jua likanichoma shingo. Huyu ndege amevuka nchi chungu nzima bila kuulizwa kitambulisho, na mimi nikienda Isebania tu, hapo mpakani, nasimamishwa mara tatu, halafu eti kutua kwenye mti mmoja ndiyo kazi ngumu.

"Labda ana njaa," nikanong'ona.

"Anakula nyuki."

"Sasa nyuki nitawatoa wapi?"

"Omera, funga mdomo!"

Basi wakatua. Wanne, wamejipanga kwenye tawi. Dada akaanza kuzungusha lenzi polepole. Nikaona wako mbali, nikaona nisaidie. Nikaimwaga omena yote juu ya jiwe lililokuwa mbele yetu. Nani hapendi omena?

Mwewe ndio walioitikia. Wa kwanza aliporomoka kutoka juu, keremkerem wakatawanyika. Wa pili akabeba omena, wa tatu akabeba kofia yangu. Dada akashtuka, akabonyeza mara moja.

Tulingoja mpaka alasiri. Mwewe saba walikaa kwenye mti uleule wakinitazama kama mpishi aliyechelewesha chakula. Keremkerem hakurudi hata mmoja. Tukishuka nilitoa vichekesho vitatu, na cha tatu kilikuwa kizuri kweli. Dada hakucheka. Alikuwa anapangusa macho kwa mkanda wa kamera.

Mama alikuwa uani, anageuza omena kwenye turubai. Alishaona gunia limepungua. Dada akamwekea kamera mbele: mwewe na omena kuchani, mimi nimeachama, na nyuma vidoa vinne vinatoroka.

"Ona, mama. Mwewe! Si hata sokoni tunao? Na kesho asubuhi tunarudi Uriri."

Mama aliitazama picha ile. Kisha akanigeukia mimi.

"Uriri tutaenda jioni. Asubuhi mnarudi mlimani. Dada yako atabeba kamera, wewe utabeba maji. Huo mdomo utauacha hapa kwa turubai, niuanike na omena uliyonibakishia."