Treni ya Mama Ilipoondolewa

Harufu ya breki za treni ya zamani ni kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni mpaka maji yakakauka, ikachanganyika na vumbi la viti vya kitambaa vilivyokaliwa na watu wa kila namna kwa miaka mingi. Treni mpya hazina harufu hiyo. Zinaingia kituoni hapa Irving, kando ya Dallas, kimya kama paka, sakafu yake ikiwa sawa na jukwaa, na sisi tunaokwenda kazini uwanja wa ndege alfajiri tunazisifu. Magoti yangu hayagombani tena na ngazi. Lakini wiki iliyopita treni mpya iliharibika, wakaleta moja ya zile za zamani chache zilizobaki. Nilipanda bila kufikiri. Ilipofunga breki kituo cha pili nikajikuta nimelikumbatia bomba la kushikia kwa mikono yote miwili, na mama mmoja wa Kimeksiko ananiuliza kama najisikia vibaya. Nilimjibu kwamba niko salama. Ninyi nitawaambia ukweli.

Mama yangu alikuwa dereva wa treni hizo. Tulikaa ghorofa ya pili, kwenye nyumba za kupanga zilizo karibu sana na reli, hata vikombe vilikuwa vikigongana kabatini treni ikipita. Mama alikuwa na treni aliyoipenda. Zote zilikuwa nyeupe na manjano, ila hiyo iliwahi kugongwa na gari puani, ikabandikwa kipande cha bati chenye rangi isiyolingana, kama mtu aliyebandikwa plasta usoni. Kila akipita chini ya dirisha letu nayo, alipiga kengele mara mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Hiyo ilikuwa salamu yetu. Alipenda kusema kwamba treni haimsubiri mtu na chai haiisubiri treni, kisha akachelewa vyote viwili.

Tulikuwa watoto watatu. Mimi mkubwa, nikifuatiwa na Koku aliyekuwa na miaka kumi na miwili na kila nilichomuuliza kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, na kitindamimba wetu Muta, mwenye miaka sita. Baba alifariki mbali na kwao, kabla hatujahamia huku, Muta akiwa bado tumboni, akarudishwa kuzikwa kwetu Bukoba, kwenye kibanja, shamba lake la nyumbani, katikati ya migomba. Kwetu mtu hazikwi ugenini. Anayekufa mbali hurudishwa, hata kama aliondoka akiwa kijana na anarudi hana jino.

Mama alianguka bafuni asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Aliishi siku chache hospitali. Neno lake la mwisho kwangu, ulimi ukiwa mzito, lilikuwa kwamba wadogo zangu wasitawanyike. Nilimwahidi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikujua kwamba kuna ahadi ambazo mtu mmoja hana uwezo wa kuzitimiza.

Watanzania wa Dallas walikuja wote. Wakaja wa Mesquite, wa Plano, wa Fort Worth, wakaleta mchele na blanketi, wanawake wakalala sebuleni kwetu kama ilivyo desturi ya msiba. Ikaamuliwa kwamba Mama asafirishwe. Sisi watoto hatukuweza kumsindikiza, kwa sababu karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mtu akitoka nchini katika hali hiyo harudi tena. Angekwenda Mjomba Felix peke yake, kaka yake Mama, aliyekuwa akiendesha lori kutoka Houston.

Halafu wakubwa wakaamua jambo la pili: Muta asiambiwe. Walisema ni mdogo, atavunjika. Aambiwe Mama amekwenda Bukoba kumwona Bibi. Mjomba alinishika bega akaniambia, "Mkubwa ni jalala, mwanangu. Yote yatatupwa kwako, nawe uyapokee."

Kwa hiyo Muta aliambiwa kwamba watu wote wale wamekuja kumuaga Mama anayesafiri. Alifurahi. Alivaa shati lake la Krismasi, akala wali mara mbili, akawashukuru wageni mmoja mmoja kwa kuja kwenye sherehe. Mama mmoja wa kanisani alipoanza kulia, Muta alimletea karatasi za kupangusa machozi na kumtuliza kwamba si safari ndefu. Watu walitoka nje kwa zamu. Jioni akaniuliza kwa nini Mama amechelewa kwenye sherehe yake mwenyewe, nami nikamwambia yuko kazini.

Siku ya mazishi tulikusanyika mbele ya simu ya Mama Mdogo, mdogo wake Mama anayekaa Plano, tuyaone moja kwa moja kutoka Bukoba. Muta alikuwa amepelekwa bustanini kucheza. Tuliona migomba, tukaona kanzu za wanakwaya, tukaona jeneza likisogezwa. Kisha mtandao ukakatika. Picha iliganda kwenye mgongo wa mtu mmoja mwenye koti la kahawia, na ikabaki hivyo mpaka tulipoizima.

Uongo ule ungeweza kufa wenyewe, nadhani, kama si huruma ya Papa Deo. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva mwenzake Mama, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba. Ndiye aliyepewa treni yenye plasta. Na kila alipopita chini ya dirisha letu, kwa heshima ya marehemu, alipiga kengele mara mbili zaidi. Mimi nililia mara ya kwanza nilipoisikia. Muta alikimbilia dirishani akapunga mkono. Kuanzia siku hiyo akawa na hakika kwamba Mama yuko karibu kurudi, kwa sababu treni yake ilikuwa inafanya mazoezi. Nilitaka kumwomba Papa Deo aache. Nilishindwa kumwambia mtu mwema aache wema wake.

Mjomba alirudi kutoka Bukoba na mpango wake. Muta ataishi kwake Houston. Koku atakwenda kwa Mama Mdogo. Mimi nitamalizia shule nikiwa kwa rafiki wa kanisani. Nilimsihi. Akakubali tukae pamoja mpaka shule zifungwe, yeye akija mwisho wa wiki, kwa sharti kwamba jambo lolote likiharibika, mpango unaanza siku hiyohiyo. Basi nikawa napika, nafua, nasaini daftari za shule kwa mwandiko wa mtu mzima, na kila jioni Muta anauliza Mama anarudi lini. Nilimjibu bado kidogo. Wenye watoto wanajua jinsi mtoto anavyoweza kuishi miezi mingi ndani ya bado kidogo.

Kisha yakabandikwa matangazo kituoni. Treni zilikuwa zimezeeka. Vipuri vyake havipatikani tena, milango inagoma, joto likizidi zinasimama njiani, kwa hiyo zitaondolewa moja moja na mpya zitaletwa. Iliyogongwa puani ilikuwa katika za kwanza kuondolewa. Papa Deo alitukuta jukwaani akatupa habari kama mtu anayegawa peremende. "Ile ya zamani wanaitosha ku reli Ijumaa, mutoto. Watakata yote, vyuma tu. Mupya iko na baridi muzuri."

Usiku Muta alikula vizuri. Nilidhani hakuelewa.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa darasani Koku aliponipigia simu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alizungumza Kiswahili. "Dada, Muta hayupo. Alishuka kwenye basi la shule, hakupanda juu. Na sweta la kazi la Mama halipo."

Nilikimbia mpaka kituoni na mkoba wa shule mgongoni. Niliuliza watu waliokuwa wakisubiri, wakatikisa vichwa. Nilishuka kando ya reli nikamwita, nikaangalia nyuma ya mapipa, chini ya daraja, kwenye maegesho. Jirani yetu alisema tuwaite polisi. Alikuwa sahihi, ila nilijua kwamba polisi wakija wataniuliza mlezi wenu yuko wapi, na jibu litakuwa kwamba yuko Houston, mwendo wa saa nne kutoka hapa. Nilisimama pale na simu mkononi nikiwa sijui kama nimtafute mdogo wangu kwa njia ambayo ingeninyang'anya yeye mwenyewe. Nilimpigia Mjomba. Alisikiliza, akasema kwa upole kabisa kwamba anageuza gari, na kwamba niandae nguo za Muta. Kisha nikawapigia polisi. Nilikuwa bado naeleza rangi ya viatu vyake simu nyingine ilipoingia.

"Mutoto yenu iko huku ku karakana," alisema Papa Deo. "Alijificha chini ya kiti, mimi sikuona. Sasa anakatala kushuka. Kuya haraka, niko nabembeleza wakubwa ya kazi."

Niliwaambia polisi kwamba amepatikana, jirani akanipeleka kwa gari lake. Karakana ilikuwa uwanja mkubwa wa reli nyingi, na treni za zamani zimepangwa pembeni, vifaa vyake vya kugusa waya wa umeme vimelazwa juu ya paa. Sikuwa nimewahi kuona treni imezimwa. Milango ilikuwa wazi, ndani joto, giza kidogo, na ile harufu ya breki imejaa. Muta alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mlango wa dereva, amevaa sweta la Mama, mikono yake imepotea ndani. Wafanyakazi walisimama nje wakivua kofia na kuzivaa tena. Walikuwa wanasubiri.

Nilikaa karibu naye. Aliniuliza, "Dada, wakiikata, Mama atarudi na nini?"

Niliwaza majibu mengi. Yote yalikuwa ya uongo na yote yalikuwa mepesi kuliko lile moja.

"Mama harudi, Muta. Mama alikufa. Alizikwa Bukoba, karibu na Baba."

Alinitazama kama mtu anayepima. "Nani aliona akizikwa?"

Nilikunja mkono mmoja wa sweta mpaka vidole vyake vikaonekana.

"Wewe uliona?"

"Hapana."

"Koku aliona?"

"Hapana."

"Basi hamjui," alisema, akaushika mlango.

Ndugu zangu, nimeshakosa chakula, nimeshafukuzwa kazi, lakini sijawahi kukosa kitu kama nilivyokosa jibu siku ile. Kwa sababu alisema kweli. Mimi mwenyewe, kila treni ilipopita, nilikuwa natazama kwanza dirisha la dereva. Mwishoni nilimpa kile kidogo nilichokuwa nacho. Nilimwambia kwamba wanawake wa kanisani waliniita nisaidie kumvalisha Mama. Kwamba nilimvisha soksi. Kwamba miguu yake ilikuwa baridi, na nilipoifikicha haikupata joto.

Muta akauliza kama soksi zilikuwa zile nene. Nikasema ndiyo, zile nene. Akalia, na sauti yake ndani ya behewa tupu ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Papa Deo alimbeba mpaka chini.

Mjomba alifika magharibi akiwa tayari na maneno yake. Hakuyasema. Muta alimfuata mlangoni kabla hajavua viatu, akamuuliza swali lilelile. "Mjomba, wewe uliona?"

Mjomba Felix alikaa chini palepale. "Niliona," alisema. "Nilishika kamba ya upande wa kichwa. Niliweka udongo kwa mkono huu."

Walizungumza Jumamosi yote. Jumapili, mimi nikiwa nimejiandaa kupigania ahadi yangu, Muta alikuja jikoni na mkoba wake akaniambia anataka kwenda Houston. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimfungia kifungo cha shati kwa sababu nilihitaji kufanya kitu, nikatelemka naye mpaka kwenye gari. Jumatatu niliacha shule nikatafuta kazi uwanja wa ndege ili niweze kushika nyumba, na Mjomba akakubali nibaki na Koku. Wawili kati ya watatu hawakutawanyika.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Muta alinikimbia kwa kuwa nilimdanganya. Niliibeba imani hiyo kazini na kurudi nayo. Sasa ni kijana mwenye sauti nzito, na karatasi zangu bado hazijanipa njia ya kufika Bukoba, wala zake. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba mtoto yule hakukimbia mtu. Alimfuata aliyesimama kaburini, kwa sababu alitaka kuzika, na sisi tuliobaki hatukuwa na cha kumpa zaidi ya mgongo wa mtu mwenye koti la kahawia.

Siku nikizidiwa ninampigia simu Houston. Simuulizi habari za shule. Ninamwambia, "Nieleze," naye ananieleza, kama alivyoelezwa na Mjomba mara nyingi: migomba ilivyokatwa kupisha njia, udongo ulivyokuwa mwekundu na mvua ilivyouacha laini, nani alishika kamba upande wa miguu, wimbo gani uliimbwa na ukarudiwa. Haharakishi. Mimi mkubwa ninakaa ukingoni mwa kitanda, nikiwa nimevaa nguo za kazi, ninamsikiliza mdogo wangu akimzika Mama.