Tumbo la Bibi Lililolia Kama Ndama

Sisi tuliokulia Kishapu enzi za Mwingereza hatukujua midoli. Tulikuwa na vumbi, magunzi ya mahindi na wimbo wetu wa kuzunguka. Mnashikana mikono, mmoja katikati kajishika tumbo. Wa nje wanauliza, "Mayu, tumbo lalia nini?" Naye, "Muuu!" "Limekula nini?" "Majani mabichi!" Hapo wote chini, mbavu hatuna. Mayu ni mama kwa Kisukuma, nasi tuliamini alikuwa mama fulani mlafi wa zamani.

Siku moja akaja karani wa mifugo, kaptula imenyooka kwa pasi. Serikali ilikuwa imeamuru ng'ombe wapunguzwe, kila boma litoe wa kuuzwa mnadani. Sisi kwa kumfurahisha mgeni tukamwimbia. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akisaga mtama, akaganda, jiwe mkononi. Nilidhani tumesahau kumpa mgeni shikamoo.

Mara, ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda chake: "Muuu!"

Bibi akajishika tumbo. "Ni tumbo, baba. Tangu jana linanisumbua."

Nusura nicheke nife. Kumbe Mayu wa wimbo ni bibi yangu mwenyewe! Kabla hatujazaliwa, kama alivyokuja kunisimulia, alishaficha ndama vilevile, akasingizia tumbo vilevile, majirani wakamtungia wimbo. Na sasa wajukuu zake tumemwimbia karani siri yote, na huyo ndama jike ndiye aliyekuwa maziwa yetu ya kesho. Kicheko kikanikauka, nikaogopa kweli.

Karani alimtazama Bibi, akatutazama sisi, midomo ikimcheza. Naye alikuwa Msukuma, mtoto wa wafugaji. Akasema, "Pole, mama. Hilo tumbo lichunge, lisitoke nje mpaka nimeshapita." Tulimsikia njiani akicheka peke yake.

Wajukuu zangu wa leo nyimbo zao zinatoka kwenye simu. Chaji ikiisha, na wao wanaishiwa. Lakini mwaka jana nilipita Kishapu nikakuta watoto wanazunguka, "Mayu, tumbo lalia nini?" Moyo ukanijaa. Nikawauliza Mayu ni nani. Wakajibu, "Ni fisi, bibi." Nikawaambia ni bibi yangu, wakaona huyu mzee anatania. Wenzangu niliozunguka nao wameshatangulia, hakuna wa kunitolea ushahidi. Basi nikaweka mkoba chini, nikaingia katikati, nikajishika tumbo, nikalia "Muuu!" kwa nguvu zangu zote.