Shati Jipya la Dobi

Haya hamtayaamini, wala siwalaumu. Wenye kichwa kama changu ni wachache. Lakini ni kweli tupu: mpwa wangu, dobi, mtu wa kunyoosha kola mpaka inzi ateleze, alitenda wema mbele ya kanisa zima akatamani ardhi immeze.

Jirani yake, mzee aliyefiwa na mkewe, alimletea shati lake la ibada. Mpwa wangu akaliwekea pasi, akageuka kubishana mpira na kinyozi. Harufu ilipomshtua, mgongo wa shati ulikuwa umeungua, umbo la pasi nzima. Akalisukumia chini ya meza. Mzee alipolifuata, akaambiwa limeibwa kambani.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wanatoka ibadani, akamkabidhi mzee shati jipya. Mchungaji akaliona, akamsifu kwa sauti, makofi yakalia. Mzee akamshika mkono.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Lile lililoibwa alilishona marehemu mke wangu. Lakini na hili nitalitunza."

Mpwa wangu akasawijika.

"Mtakatifu, mbona jasho?" nikamchokoza.

Akanivuta pembeni, akanieleza yote. Mimi, niliyefaulu kipaimara kwa kuchungulia majibu ya mwenzangu, nikamwambia kutoa ni kutoa, aache kujitesa. Hakuridhika. Akamwendea mchungaji.

"Kutoa ni kwema," mchungaji akamwambia. "Ila ulitoa ili iweje?"

"Ili asiniulize tena lile lake."

"Basi ulimziba mdomo kwa shati. Na mimi nikakupigia makofi."

Jamaa akatoka pale kichwa chini, akalichomoa lile lililoungua chini ya meza, akaenda kwa mzee. Nani wa kumsindikiza? Mimi, shujaa wa ukoo. Tulimkuta mlangoni, amevaa lile jipya, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Baba," mpwa wangu akasema, macho kwenye viatu, "halikuibwa. Nililiunguza mimi, nikaogopa kukwambia. Nisamehe."

Mzee akalikunjua, akapitisha vidole kwenye mshono wa bega. Kisha, shikeni leso, akamkumbatia mpwa wangu kwa nguvu, mtaa mzima ukaangua kilio, hata mbwa wakakaa kimya, na kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu akaja kupiga mago…

"Mjomba, umeandika nini hapo? Futa. Hakunikumbatia. Wewe ulijibanza nyuma ya tangi la maji, ungeona wapi? Alivua lile jipya, akaniwekea mikononi, akaingia ndani na la kwake."